Kesi ya Sukari na Miwa Yetu Iliyoungua

Mume wangu aliendesha malori ujana wake wote, na hakuna kitu anachokichukia duniani kama kuwa wa pili kwenye foleni. Pale mizani ya Mikumi, ambapo malori hupimwa uzito kabla ya kuendelea na safari ya Iringa, alikuwa anajulikana. Wenzake wakiwa bado wanapuliza supu, yeye ameshawasha injini. Alipostaafu na kuja kulima miwa pamoja nami hapa Kidodi, ugonjwa wake huo alikuja nao. Tukialikwa harusini, tunafika wakati wapishi bado wanachambua mchele. Nalisema hili mapema, asije mtu akanilaumu kwamba nilimficha.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipostaafu, wakulima wenzangu wakanichagua kuwa katibu wa chama chetu, na kazi yangu kubwa ikawa kupanga zamu za kuvuna. Asiyelima miwa anaweza kuiona kazi hiyo ndogo. Mua hauvunwi kama mahindi. Shamba huchomwa kwanza, moto ukala majani makavu na kuwafukuza nyoka, ndipo wakataji wanaingia na mapanga, na nyuma yao lori la kupeleka kiwandani. Tangu moto unapozimika, muda unaanza kukukimbiza. Miwa iliyoungua ikilala siku mbili tatu bila kusagwa inachacha, na kiwanda kikiipima kinaikataa. Kwa hiyo hakuna anayewasha kiberiti kabla ya zamu yake, au tuseme hakupaswa kuwepo.

Zamani tulikuwa na huruma. Shamba likishika moto kwa bahati mbaya, mwenye shamba aliruhusiwa kuruka foleni ili miwa yake isioze. Basi bahati mbaya zikaongezeka kila msimu, na cha ajabu zote ziliwaangukia watu ambao zamu zao zilikuwa mbali. Nilichoka. Nikasimama kwenye mkutano mkuu nikapendekeza kanuni: shamba likiungua kabla ya zamu, kwa sababu yoyote ile, linakwenda mwisho, na hakuna kiongozi mwenye mamlaka ya kusamehe. Niliwaambia wazi kwamba mkimpa mtu mamlaka ya kusamehe atawasamehe ndugu zake, na mimi nitakuwa wa kwanza. Walipiga makofi. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, na mume wangu akanipongeza kwa kuwakomesha wajanja.

Halafu ukaja mwaka wa sukari kuadimika. Dada yangu anauza chai na maandazi mjini Kilosa, na kwa majuma kadhaa aliwauzia wateja chai ya rangi isiyo na sukari, akapokea matusi ambayo alinipigia simu kunisimulia moja baada ya jingine. Ndipo likatoka tangazo kwamba waziri ameondoa ushuru wa forodha kwa sukari inayotoka nje. Sukari ikafika madukani kama iliyokuwa imejificha uvunguni. Dada akapiga tena, safari hii akimwombea waziri maisha marefu. Niliitikia amina ya nusu mdomo. Namuelewa dada yangu. Hata mimi chai ile ilinishinda.

Ila uhaba ulipokwisha, ushuru haukurudi. Sukari ya nje iliendelea kuingia, na ile iliyosagwa kutokana na miwa yetu ikakaa maghalani ikikosa mnunuzi. Kiwanda kikapunguza malori ya wakulima wadogo kinayoyapokea kwa siku. Zamu nilizokuwa nazipanga kwa juma sasa nikazipanga kwa mwezi, na watu wakanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesaini lile tangazo. Miwa ikazeeka shambani. Masika yalikuwa yanakaribia, na mvua ikishashika, barabara za mashambani kwetu zinageuka tope, hakuna lori linaloingia.

Mimi na mume wangu tulikuwa na shamba moja. Mwaka ule tulikuwa tumeng'oa hata kipande cha mpunga tukapanda miwa, kwa tamaa yake na kwa ridhaa yangu. Zao lile likipotea tusingekuwa na nguvu ya kuanza upya. Tulishalizungumza: tungekodisha shamba, tukafunga nyumba, tukaenda kukaa kwa watoto wetu mjini, kila mzee kwenye kiti chake akiangalia televisheni isiyo yake. Mume wangu alilitaja jambo hilo mara moja tu. Kisha akatoka nje akaenda kuangalia miwa.

Ndipo tukaamua kwenda mahakamani.

Wakili wetu alikuwa binti wa kaka yangu, mwanasheria wa Morogoro, msichana niliyemfundisha mwenyewe kusoma na ambaye sasa ananisomesha. Alikuja Kidodi, akakaa nasi kwenye uwanja wa ofisi ya chama, akatuambia ukweli ambao hatukuupenda. Tungeomba Mahakama Kuu iupitie uamuzi wa waziri. Lakini kupitia si kuamua upya.

"Jaji ni kama refa," alisema. "Refa anaangalia kama mmecheza kwa sheria. Hawezi kumwambia kocha ampange nani mbele na nani nyuma, hata kama anaona kabisa kocha amepanga vibaya."

Mwenyekiti wetu, mtu mwenye moyo mwepesi kuliko mdomo wake, akauliza, "Kwa hiyo jaji akiona waziri amekosea, ananyamaza?"

"Akiona amekosea hesabu, ananyamaza. Akiona amevunja sheria, anasema."

"Sasa sheria inasemaje kuhusu ushuru?"

"Inasema waziri anaweza kuusamehe akiona inafaa kwa maslahi ya umma."

Watu wakaguna. Maneno hayo, akiona inafaa, ni mapana kama mbuga ya Mikumi, na ndani yake waziri anaweza kutembea siku nzima bila kukanyaga mpaka. Binti akatueleza kwamba mwanya wetu ulikuwa mwembamba: kudai kwamba waziri, alipoacha msamaha uendelee baada ya uhaba kwisha, alipaswa kwanza kutusikiliza sisi tunaoumia. "Tunaweza kushindwa, shangazi," aliniambia pembeni. "Tena uwezekano wa kushindwa ni mkubwa." Namshukuru kwa neno hilo mpaka leo. Mawakili wangapi wanamwambia mteja hivyo kabla ya kufungua kesi? Nilikwenda mahakamani nikijua ninakwenda kufanya nini. Wenzangu, naogopa, walikwenda kushinda.

Siku ya hukumu tulipanda Coaster ya kukodi kwenda Morogoro kabla jua halijachomoza. Mume wangu hakuja. Mkutano ulikuwa umeamua kwamba kila mtaa wa mashamba uwe na mtu wa kubaki, na yeye tulimwachia kazi ya kulinda mashamba yasishike moto. Hilo naomba mlikumbuke, maana mimi nimeshindwa kulisahau.

Jaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na sauti ya chini, na alisoma hukumu yake kwa Kiswahili. Hapo ndipo shukrani zangu zilipoanza, hata kabla sijajua hukumu inaelekea wapi. Wapo kati yetu wazee waliowahi kuingia mahakamani zamani wakatoka bila kujua kama wameshinda au wamefungwa, kwa sababu kila kitu kilisemwa kwa Kiingereza na aliyewatafsiria alikuwa na haraka. Safari hii hakuna aliyemgeukia mwenzake kuuliza. Tulikaa kimya kama darasa linalosomewa matokeo.

Alianza na pingamizi za upande wa serikali. Mawakili wa serikali walikuwa wamesema tumechelewa kuleta maombi yetu. Jaji akasema hatukuchelewa. Walikuwa wamesema wakulima wa miwa hatuna haki ya kuhoji suala la ushuru wa forodha, kwa kuwa sisi si waagizaji wala hatulipi ushuru huo. Jaji akalikataa hilo pia, akaeleza kwamba mtu ambaye mazao yake yanaozea shambani kwa sababu ya uamuzi fulani ana maslahi ya kutosha kuuhoji. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Mimi mwenyewe machozi yalinilengalenga. Kuna raha yake kusikia mtu mkubwa akisema mbele za watu kwamba maumivu yako yapo.

Kumbe mwenyekiti wetu, aliyekaa benchi la nyuma, alikuwa na raha kubwa kuliko ya kwangu. Simu tuliambiwa tuzime. Yake alikuwa ameificha chini ya kofia mapajani, na pale pale akaandika kwenye grupu la chama kwa herufi kubwa: TUMESHINDA.

Jaji akafungua ukurasa mwingine.

Alisema sasa anakuja kwenye hoja yenyewe. Alisema amesikia kilio chetu na hana shaka kwamba ni cha kweli. Lakini Bunge limempa waziri kazi ya kupima lini ushuru utozwe na lini usamehewe, na halikumpa jaji kazi hiyo. Kwenye mizani hiyo kuna mkulima wa Kidodi na kuna mnywaji wa chai wa nchi nzima, na jaji hana macho ya kuwaona wote kutoka pale alipokaa. Yeye anaweza kuuliza kama waziri alikuwa na mamlaka, na alikuwa nayo. Anaweza kuuliza kama alifuata utaratibu, na sheria haikumtaka awaite wote wanaoguswa na ushuru, maana ushuru wa sukari unamgusa kila mwenye kikombe. Anaweza kuuliza kama uamuzi ni wa kichaa kiasi kwamba hakuna mwenye akili timamu ambaye angeufikia. Haukuwa wa kichaa. Kama ulikuwa mbaya, alisema, mlango wa kubisha ni mwingine, ule wa wawakilishi wetu na wa waziri mwenyewe. Hakusema kwamba waziri alifanya vyema. Nilimwangalia kwa makini ili nisikie akilisema hilo, na hakulisema.

Maombi yakatupiliwa mbali, kila upande ubebe gharama zake.

Tulitoka nje tukasimama getini bila kujua miguu inatupeleka wapi. Mzee mmoja wa kwetu, anayelima shamba linalopakana na mto, akafuta jasho akasema, "Leo angalau tumeshindwa na tumeelewa." Nilicheka, na sikutegemea kucheka siku ile.

Kisha nikawasha simu yangu. Mume wangu alikuwa amenipigia mara nyingi, na chini ya simu hizo kulikuwa na picha moja. Ilikuwa picha ya moshi.

Nikampigia. Alipokea kabla haijaita vizuri.

"Nimewahi!" alipaza sauti. Nyuma yake nilisikia watu wakiongea kwa furaha.

"Umewahi nini?"

"Foleni, mama watoto! Si mmeshinda? Ushuru unarudi, kiwanda kinafungua mageti, kesho hapa patakuwa hapatoshi. Nikasema sisi tuwe wa kwanza. Shamba limeungua safi, hata upepo umetusaidia, halikuruka hata jani moja kwa jirani."

Nilimwambia. Sikumbuki kwa maneno gani. Nakumbuka kwamba kwa muda nilisikia wale watu wa nyuma yake wakiendelea kucheka, maana wao walikuwa bado hawajaambiwa.

Nilipokata simu nilimgeukia mwenyekiti, na yaliyonitoka mdomoni mbele ya geti lile siyaandiki. Nitasema tu kwamba askari wa getini alisogea karibu. Mwenyekiti hakujitetea. Alishika kofia yake kwa mikono miwili akaniambia, "Mwalimu, nipige tu."

Nataka nimtendee haki mwenyekiti, na nimtendee haki mume wangu pia. Wote wawili walifanya kosa ambalo mtu wa mjini asingelifanya, kwa sababu mtu wa mjini hajui kwamba jambo linaweza kuoza kesho kutwa. Sisi tumezoea vitu vinavyokwenda kwa haraka: moto, panga, lori. Mahakama inakwenda taratibu, inakupa ushindi mdogo mmoja, na wa pili, halafu inavuta kiti na kuanza kusoma yale iliyokusudia kuyasema. Mwenyekiti alisikia hatua ya kwanza akadhani ni safari nzima. Mume wangu naye alipewa neno moja na mtu anayemwamini, akalifanyia kazi.

Binti wa kaka yangu alipanda gari pamoja nasi, ingawa kwake ni pale pale Morogoro. Sikumwomba. Tulipita mbugani. Mikumi dereva alisimama ili watu wapate kula, nami nikabaki kwenye kiti changu nikiyatazama malori yaliyojipanga kando ya barabara. Binti akarudi na soda mbili, akaketi.

"Shangazi, ile kanuni yenu ya moto."

"Nayo?"

"Haina mwanya wowote?"

"Haina. Wewe si ulinisaidia kuiandika?"

"Nilikusaidia, ndiyo." Akanywa soda. "Tuliiandika vizuri mno."

Tukacheka kicheko kibaya, cha watu wawili waliojifungia nje ya nyumba kwa kufuli lao. Ndani ya kicheko hicho ndipo nilipoelewa hali yangu. Asubuhi nzima nilikuwa nimelalamika moyoni kwamba waziri ana uhuru mpana kupita kiasi. Na nyumbani nilikuwa nimejitungia sheria isiyoniachia uhuru hata wa kidole, makusudi, ili niaminike. Miwa yangu ilikuwa imeungua kabla ya zamu. Ilikuwa inakwenda mwisho, na mwisho ulikuwa mbali, ng'ambo ya masika.

Tulipofika, majivu meusi yalikuwa yamedondokea nguo zilizoanikwa za mtaa mzima, na hakuna aliyelalamika, jambo lililonitisha kuliko malalamiko. Watu walikuwa tayari wanatuonea huruma. Mume wangu nilimkuta amekaa ukingoni mwa shamba juu ya ndoo iliyogeuzwa, uso mweusi kwa masizi isipokuwa pale machozi yalipotiririka. Njia nzima kutoka Mikumi nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye sehemu tatu. Akaniangalia akasema, "Nimewahi foleni ambayo haipo."

Hotuba ikanipotea. Nilikwenda kumchotea maji ya kunywa, nikakaa naye chini, tukaiangalia miwa yetu iliyosimama myeusi, mizuri, minene. Ilikuwa miwa bora kuliko yote tuliyowahi kuotesha. Nilimwambia hivyo, na ni kweli.

Mkutano uliitwa jioni ile ile, jua halijazama. Nilimwambia mwenyekiti asimamie peke yake. Nisingeweza kuwa katibu wa jambo langu mwenyewe, kwa hiyo nikatoka nje nikasimama dirishani. Sikuwa nimetoka sana, kwa kuwa madirisha ya ofisi yetu hayana vioo na nilisikia kila kitu. Mwenyekiti, maskini, alikuwa amejaa majuto, na alianza kwa kusema kwamba tukio hili ni la pekee, kanuni si msahafu, na chama kinaweza kuona inafaa kusamehe safari moja. Wengine wakaanza kuitikia. Walitupenda. Hilo nalo nalishukuru, ingawa wakati ule lilinipandisha hasira.

Nikaingiza kichwa dirishani. "Msithubutu," nilisema. "Mkitusamehe leo, kesho kutwa kila mwenye zamu ya mbali atapata ujumbe wa ushindi kutoka mahali fulani. Kanuni ibaki."

"Mwalimu, umetoka nje wewe," mtu mmoja alisema.

"Nimetoka. Nasema kutoka nje."

Wakacheka, ila waliona nasema kweli na hawakuwa na pa kupitia. Mume wangu alikuwa amekaa kona ya nyuma. Hakunyanyua uso.

Ndipo jirani yetu aliponyoosha mkono. Ni kijana, umri wake ni wa kuweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, mtu wa Kanda ya Ziwa aliyekuja na ng'ombe wake miaka kadhaa iliyopita na baadaye akaanza miwa. Ni mtani mkubwa. Akinisalimia shikamoo, kabla sijamaliza marahaba ameshauliza kama sisi Wavidunda wa huku, pamoja na Wagogo, tumeshajifunza kula ugali wa maana. Zamu ya kesho yake asubuhi ilikuwa yake. Alikuwa ameisubiri kwa subira kuliko wengi, na kibali chake cha kuchoma kilikuwa tayari mfukoni.

"Naomba nieleweshwe," alisema. "Kanuni inasema kiongozi hawezi kusamehe. Inasema chochote kuhusu mwenye zamu?"

Mwenyekiti akatazama dirishani. "Mwalimu?"

Niliipitia kichwani neno kwa neno, maana niliijua yote. Nilipokuwa naiandika niliwawaza wezi wa zamu. Niliwaza watakaojifanya wameunguliwa, watakaohonga, watakaonililia mlangoni. Sikumwaza mtu ambaye angetaka kuigawa zamu yake.

"Haisemi kitu," nilijibu.

"Basi ya kesho wachukue wao. Mimi nitakaa pale walipopelekwa."

"Ni mwisho kabisa," nikamwambia. "Unajua mwisho ni wapi? Ni kwenye masika."

"Mwalimu, mimi ni mfugaji. Mvua hatuichukii."

Mkutano ukalipuka kwa kicheko, lakini alikuwa anajua vizuri anachokifanya, na kila aliyecheka alijua kwamba anajua. Aliuendea ubao wa zamu, akafuta jina lake kwa kiganja, akaniachia nafasi pale pale. Nilikataa kuandika letu. Binti wa kaka yangu ndiye aliyechukua chaki.

Asubuhi wakataji waliingia, na kabla ya jua kukaa sawa lori la kwanza lilikuwa limejaa. Mume wangu alipanda juu ya mzigo, jambo ambalo haliruhusiwi, akasindikiza kila lori hadi geti la kiwanda na kurudi kwa bodaboda kupanda jingine. Miwa ikapimwa, ikapokelewa yote. Alirudi nyumbani amechoka hoi, akaoga, akalala, na nyumba yetu ikabaki nyumba yetu.

Masika yalifika mapema mwaka ule. Sehemu ya shamba la jirani iliingia kiwandani ikiwa na maji mengi kuliko sukari, na sehemu nyingine haikutoka kabisa. Aliwafungulia ng'ombe wake wakaila. Aliponisimulia alisema wamenenepa kwa anasa, akaendelea na utani wake.

Tulifuata pia ushauri wa jaji. Tulikwenda kuonana na mbunge, tukaandika, tukapeleka watu wizarani. Msimu uliofuata ushuru wa sukari ukarudishwa. Hakuna aliyetuambia kama ni kwa sababu yetu. Waziri aliona inafaa. Dada yangu wa Kilosa alilalamika kwa simu, na safari hii mimi ndiye niliyemwitikia kwa heshima, maana alikuwa na haki yake.

Mvua zilipokatika, mimi na mume wangu tulikwenda nyumbani kwa jirani kumshukuru rasmi, kwa nguo safi na mbuzi. Mkewe alitupokea, tukakaa. Mume wangu alianza kusema akashindwa kumaliza, kwa hiyo nikasema mimi. Nilimwambia kwamba tuko kwenye nyumba yetu kwa sababu yake, na kwamba sina neno linalotosha. Kisha nikamuuliza lililokuwa linanisumbua. Kwa nini? Hatukuwa ndugu, wala hatukuwa na deni la wema kwake, na hakuna kilichomlazimisha.

Safari hii aliuweka utani pembeni.

"Mwalimu, ningekataa, ungenishitaki mahakama gani?"

"Hakuna mahakama ya kukushitaki kwa hilo."

"Hata ile ya Morogoro?"

"Hata ile ya Morogoro."

"Ndiyo maana," akasema. "Nilijua ni yangu kutoa."